Sanduku la Taka la Marehemu

Jumapili, 4 Mei

Hisham kaniletea laptopu ya baba yake, kaiweka juu ya meza ya chai, kasema, "Mama, nna kazi nakupa." Nkamwambia mimi kizuka, na kizuka hapewi kazi, anakaa eda yake ndani na nguo zake nyeupe anangoja miezi ipite. Kacheka kidogo, cheko la mtu aliyekosa usingizi. Tangu tumzike Sleiman mtoto huyu hajalala, na mimi sijalala, na sote tunajifanya hatuoni.

Kazi yenyewe: sanduku la imeli la Sleiman limejaa. Bili za umeme na maji na makaratasi ya pensheni yote yanapitia humo, na sasa yanarudishwa kwa kuwa hamna nafasi. Ati nisafishe mpaka eda iishe, kisha Hisham atalifunga. Tena kanionesha sanduku la pili, la taka, linamomwagika uchafu wa wezi na matapeli. "Hili kila Ijumaa bonyeza hapa juu, futa zote. Usifungue, usisome. Ukifungua moja tu, virusi."

Nkamwambia, "Wewe hunifundishi mimi barua." Maisha yangu yote ya kazi nlikaa dawati la barua la wizara, hapa hapa Maskati. Hapana barua iliyoingia pale isipite mkononi mwangu, na hapana iliyopotea. Akasema, "Ndiyo maana nakupa wewe, Mama." Mjanja. Anajua nikikaa bure nitakwisha.

Basi na mimi nimeamua kuandika. Nshachoka kusema na kuta za nyumba hii ya Ansab.

Jumanne, 6 Mei

Mia na kitu nimefuta. Vichwa vya khabari peke yake vinatosha kukuumiza kichwa.

Ijumaa, 9 Mei

Nimefuta sanduku la taka. Raha yake! Unabonyeza mara moja, peupe. Laiti mambo yote ya nyumba hii yangekuwa hivyo.

Truphena kanikuta natabasamu, akafurahi akanikatia papai. Truphena ndiye anayenisaidia kazi za nyumba, mtu wa Kakamega, hasemi polepole na hapiki polepole. Sleiman alimpenda kwa sababu alikuwa anamjibu.

Jumatano, 14 Mei

Kumbe huyu mume wangu alikuwa hawezi kumwambia mtu la. Kila duka aliloingia wakamwomba imeli, akawapa. Duka la mashine za kutobolea ukuta linamwandikia kila asubuhi. Anazo tatu, na picha ya harusi yetu mpaka leo imeegemezwa kabatini kwa kuwa hajatoboa tundu la kuitundika. Kliniki ya meno inamwambia muda wake umefika. Wauza magari wanamwambia, "Sleiman, tumekukumbuka sana." Tumekukumbuka! Hawamjui hata rangi.

Namwondoa kwenye madaftari yao mmoja mmoja. Kila ukijiondoa wanakuuliza, kwa nini unatuacha? Wanakupa majibu uchague. Barua zetu zimekuwa nyingi mno. Hazikuhusu. Hukujiandikisha. Nimetafuta lililosema mwenyewe amekufa, halipo. Nachagua "sina haja tena", na kila mara nasikia aibu, kama namsema vibaya.

Alkhamisi, 22 Mei

Kapiga simu Wijdan. Khabari za mwanawe Ruba, jino, homa, uji. Mimi khabari za joto. Tukaagana.

Hebu niseme, maana hapa hapana wa kunisikia. Nna kinyongo na binti yangu. Kaja kutoka Unguja siku ya pili ya azaa, matanga ya baba yake, kakaa katikati ya wanawake waliokuwa wanalia mpaka sauti zimekauka, yeye macho makavu. Watu wakamtazama, nami nkamtazama. Baba yako huyo, hata chozi?

Najua yao. Miaka minne hawakusemezana. Wijdan alikwenda Unguja mapumziko ya wiki mbili, akarudi kusema kapata kazi ya famasia huko na mtu wa kumwoa huko. Sleiman alitoka kule mwaka wa Mapinduzi, mtoto mdogo amebebwa mgongoni, baba yake kaachwa kwenye shimo asiloonyeshwa hata leo. Alisema neno moja tu: "Nchi iliyomla baba yangu, wewe unaipelekea watoto." Kisha akaharamisha jina la Wijdan lisitajwe ndani ya nyumba. Na Wijdan naye, kwa kiburi kile kile cha baba yake, akaniambia nisimtajie Baba.

Nami nkawaambia wote wawili: sawa. Mimi sipeleki maneno yenu wala sileti. Nnaongea na kila mtu khabari zake. Alipozaliwa Ruba nlisema, "Kazaliwa." Sleiman akasema, "Alhamdulillahi," akaongeza sauti ya televisheni. Ndivyo nilivyoiweka nyumba yangu isivunjike.

Ila nlitegemea angalau atamlilia.

Ijumaa, 6 Juni

Idi. Hisham kaja na wanawe na nyama ya shuwa, ile inayookwa shimoni. Mimi na nguo yangu nyeupe, hamna udi, hamna manukato. Nyumba haina harufu ya Idi.

Nimefungua laptopu ili nikimbie macho ya watu. Wauza magari: "Sleiman, Idi njema kwako wewe na familia yako." Nkalia palepale. Wajukuu wakadhani nimeona picha ya babu yao.

Ijumaa, 13 Juni

Nimefuta taka. Upepo wa gharbi umeanza, ukifungua dirisha uso unaungua.

Ijumaa, 20 Juni

Nimefuta.

Ijumaa, 27 Juni

Leo nitaandika yote.

Asubuhi nlikaa kufuta taka kama kawaida. Truphena leo siku yake ya mapumziko lakini joto limemzuia kwenda kanisani kwa wenzake, ambao huku husali Ijumaa, akaja kukaa karibu yangu na chai yake. Akachungulia. Akaanza kunisomea vichwa vya khabari kwa sauti ya mtangazaji wa redio, kunichekesha. "Sleiman, umeshinda gari! Sleiman, nywele zako zitaota tena! Sleiman, kuna mjane tajiri Ulaya anakutafuta. Mama, huyu ni mke mwenza, usimwachie!" Nami nlikuwa nacheka kweli, kidole kiko kwenye kufuta zote.

Akasema, "Na hii je? Wijdan. Kichwa, 'Baba'." Cheko likamkauka. "Mama, ngoja. Wijdan si ni yule wetu?"

Nkasema ni wezi, Hisham alinambia, wanaiba majina ya watoto wa watu. Truphena akasema, "Aki Mama, mwizi ataandika 'Baba' tu, bila kuomba pesa?" Nikafungua. Virusi na viingie.

Nainakili, kwa kuwa siiamini tena mashine yoyote.

"Baba, shikamoo. Alkhamisi imefika. Ruba kaota jino la nne na anauma kila mtu, jana kamuuma daktari. Mvua zimekwisha. Najua huko uliko hamna imeli. Lakini hata ulipokuwa hai ulikuwa ukisoma na kunyamaza, kwa hiyo kwangu mimi hakijabadilika kitu. Mama alinikasirikia kwenye azaa kwa kuwa sikulia. Nlimwona. Nlishindwa kumwambia kwamba mimi na wewe tulikuwa na yetu, kila Alkhamisi, miaka yote hii, na kulia nshalia humu humu. Nlikuomba radhi mara ngapi, hukunijibu. Lakini hukunambia niache. Nkasema, kama amenichoka angesema basi. Hukusema basi. Nkajua unasoma. Hilo lilinitosha, na bado linanitosha. Nakuaga mpaka Alkhamisi. Mwanao."

Juu ya barua mashine imeandika maneno yake: barua hii imewekwa humu kwa sababu wewe uliwahi kuzikataa barua za mtu huyu.

Nlisoma mara ya kwanza nkamwonea huruma Wijdan. Mara ya pili nkaelewa. Kila Alkhamisi. Na mimi kila Ijumaa asubuhi, na kikombe changu cha kahawa, nilikuwa nafuta. Alkhamisi zote za tangu afe. Raha yake, nliandika. Peupe.

Truphena alinishika mabega. Alikuwa anasema kitu kwa Kiluhya, sala nadhani. Nilimwambia aniache nilale, na sikulala.

Jumamosi, 28 Juni

Hisham kaja mbio. Nkampa asome. Alisoma amesimama, kisha akakaa chini sakafuni, mtu mzima na kanzu yake ya kazini.

Akanieleza. Yeye ndiye aliyemfundisha baba yake kitufe kile, miaka ile, kwa ajili ya matangazo: "Ukiona usichokitaka, bonyeza hapa, hakitokusumbua tena." Na Sleiman, siku moja, Wijdan alipompelekea barua ya kwanza kutoka Unguja, akaibonyeza. Hasira ya siku moja. Basi mashine ikashika amri. Kila barua ya Wijdan baada ya hapo iliingia takani yenyewe, na taka ikikaa mwezi inajifuta. Sleiman hakuziona. Hata moja.

Nkasema, "Lakini angeweza kwenda kuangalia huko takani." Hisham akasema, "Mama, nani anakwenda kuangalia takani? Mimi ndiye niliyemwambia asifungue."

Kisha akasema, "Lete simu ya Baba." Nlikuwa nimeiweka kwenye mtoto wa kabati, naichaji kila siku bila sababu. Akafungua imeli, akagusa pale pa kutafutia. Kumbe simu inakumbuka ulichokitafuta. Umeme. Pasipoti. Wijdan. Bima ya gari. Wijdan. wijdan sleiman. barua ya wijdan. Wijdan.

Nkauliza, "Akimtafuta hivi, kwa nini hazikutokea?" Hisham akasema ukitafuta, mashine haitafuti takani. Inatafuta kwingine kote, takani haiingii.

Alikuwa ananitazama mimi jioni, Sleiman, na simu mkononi, nami namuuliza, "Unataka nini?" Anasema, "Hamna." Nlidhani anatafuta miwani.

Alkhamisi, 3 Julai

Nimekaa mbele ya sanduku la taka tangu magharibi. Barua ya Wijdan imeingia baada ya isha. Anamhadithia baba yake mgonjwa aliyekuja famasia akaomba dawa ya kumfanya mkewe anyamaze. Kachekesha. Sikujua kama binti yangu anachekesha. Kwangu mimi hupiga akasema uji na homa.

Nlisoma kama naiba.

Ijumaa, 11 Julai

Tende za uani zimeiva, Truphena kapanda na ndoo mpaka nkampigia kelele. Barua ya Wijdan ya jana fupi. Kaomba radhi tena, mstari mmoja, mwisho.

Jumapili, 20 Julai

Leo tumegombana watu watatu juu ya mtu asiyekuwepo.

Hisham anasema nisimwambie Wijdan. "Kishakubali, Mama. Anadhani alisomwa. Mwache na lake." Nkamwambia, "Unasema hivyo kwa kuwa unaogopa kukitaja kitufe chako." Nlijuta hapo hapo. Uso wake ulibadilika, akachukua funguo za gari.

Truphena alikuwa anakunja nguo. Hakuulizwa, akasema. "Mama, mimi babangu alikufa nikiwa huku. Mpaka leo sijui kama alikuwa ameniuliza. Mtu akiniambia alikuwa ananitafuta kwa simu, nitaruka. Haki ya Mungu nitaruka. Mwambie msichana. Anaomba radhi kwa mtu ambaye alikuwa ashampea."

"Sijui kama alimpa."

"Si alikuwa anamtafuta?"

Jambo linaloniumiza ni hili. Siku zile mbili za hospitali, Sleiman alimwomba radhi kila aliyeingia, mpaka mtu wa kufagia. Nami nlikaa pembeni ya kitanda, nashika mkono wake, na jina la Wijdan liko kwenye ulimi. Sikulitoa. Aliharamisha lisitajwe, nami mtu wa kushika neno. Nlidhani nampa amani.

Jumanne, 5 Agosti

Joto na unyevu, vioo vinatoka jasho. Wijdan kapiga. Nkamwuliza khabari ya mgonjwa aliyetaka mkewe anyamaze. Akanyamaza yeye. "Mama, hiyo nlikuhadithia lini?" Nkasema labda Hisham. Nimekuwa mwongo uzeeni.

Alkhamisi, 14 Agosti

Wijdan kamwandikia baba yake kwamba kaota yuko naye jikoni, Baba anakata vitunguu na kulalamika kisu hakina makali. Ndivyo alivyokuwa. Kisu hakina makali, chai haina sukari, mto hauna pamba. Nimemkumbuka mume wangu leo kuliko siku zote za eda, na ni kwa mkono wa yule niliyedhani hana chozi.

Nimeamua nitamwambia. Eda ikisha. Nataka niwe nimeoga, nimevaa, nampa kitu kizuri: mwanangu, hakukunyamazia, alikuwa anakutafuta. Kila nikiisema moyoni naona ni zawadi.

Jumanne, 2 Septemba

Eda imekwisha. Wamenitoa, wamenisomea, nimeoga, Truphena kanifukiza udi mpaka nkakohoa. Hisham kanipeleka kaburini, nikasimama mbali kidogo, nkamwombea dua. Tulikuwa hatujasema vizuri tangu siku ile ya kitufe. Kwenye gari nkamwambia anisamehe. Akasema, "Yamekwisha, Mama," akaniendesha njia ndefu ya pwani mpaka karibu na Qantab, kwa kuwa nlimwambia nataka kuona maji.

Kauliza, tulifunge sanduku la Baba? Nkasema bado.

Jumanne, 9 Septemba

Nimemwambia.

Nlipiga baada ya laasiri, saa anayotoka kazini. Nkasema, "Wijdan, nna neno, nisikilize mpaka mwisho." Nkamweleza kama Hisham alivyonieleza mimi. Barua ya kwanza. Kitufe. Mashine kushika amri. Taka, mwezi, inajifuta. Nlimwambia na yangu: kwamba za baada ya kifo nlizifuta kwa mkono wangu mwenyewe, bila kujua. Nlikuwa naharakisha nifike kwenye simu ya Baba, kwenye jina lake lililojaa pale, kwa kuwa hapo ndipo palipokuwa na zawadi yangu.

Nkamsikia Ruba anagonga sufuria kwa kijiko, na mtu akamwondosha.

"Hakusoma hata moja?"

"Hata moja, mwanangu. Lakini alikutafuta. Wallahi alikutafuta. Mimi naamini alikuwia radhi."

"Unaamini au unajua?"

Sikuweza kumdanganya. Nkasema, "Naamini."

Kisha akasema taratibu, kama anapima dawa, "Mama, yule aliyekuwa amenikasirikia nlimzoea. Nlikaa naye miaka minne. Anasoma, ananuna, hajibu, nampenda vivyo hivyo. Alijua Ruba kazaliwa siku gani, alijua kama nlipata mimba ikaharibika kabla yake. Nlimwambia yeye peke yake, Mama. Wewe sikukwambia."

Nkasema, "Wijdan."

"Sasa umenambia hakuwepo. Umenipa mwingine, kakaa jioni na simu mkononi ananitafuta hanipati. Huyu mimi nimfanye nini?" Sauti ikaanza kumpotea. "Kafa anadhani sijawahi kumwandikia. Kafa anadhani mimi ndiye niliyenyamaza."

Hapo akalia. Nlimtaka alie kwenye azaa, mbele ya watu, kama wengine. Kilio kile kikaja leo kwenye simu, na ningeweza ningekirudisha. Nlisema maneno yote anayoyasema mama: basi, mama, basi, Mungu anajua, Mungu ndiye aliyetaka. Hayakufika popote. Mumewe akaichukua simu, akanisalimia kwa adabu, akasema atanipigia kesho.

Truphena alikuwa mlangoni, ananingojea kwa uso wa furaha. Akauliza, "Ameruka?" Nkamwambia atutilie chai.

Jumatano, 10 Septemba

Hawakupiga.

Ijumaa, 12 Septemba

Jana Alkhamisi nilikaa na laptopu tangu magharibi mpaka macho yakauma. Leo nimefungua tena kabla ya sala ya Ijumaa, nkatazama sanduku la Sleiman na nkatazama takani, barua moja moja, polepole, bila kufuta kitu. Wijdan hakuandika.